Fundi wa Ndege Hutahiniwa kwa Lugha Gani, na Wapi?

Mara nyingi tunapozungumza juu ya masomo ya sayansi husikika mtu akisema, "Watu wa Ulaya wana raha, maana kila mmoja husoma na kutahiniwa kwa lugha ya mama yake. Sisi peke yetu ndio tunaosumbuka kujifunza ufundi kwa lugha ya wageni." Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Katika makala haya nataka kueleza habari za watu wa kazi moja tu, yaani mafundi wa ndege wa Ulaya: jinsi wanavyopata leseni, lugha wanazotahiniwa, na mahali wanapofanyia mitihani yao. Nimechagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, wako wenzetu wengi katika vidato vya juu wanaoitamani. Pili, ni kazi ambayo mtu akielewa vibaya neno moja, hasara yake si alama tano za mtihani, bali ni roho za watu.

LESENI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba fundi akishakaza boliti ya mwisho, basi ndege iko tayari kuruka. Sivyo. Kazi ikiisha, lazima mtu mwenye leseni atie sahihi katika cheti kisemacho kwamba kazi imefanywa kama ilivyoagizwa, na kwamba ndege yaweza kurudi kazini. Bila ya sahihi hiyo ndege hairuhusiwi kuruka, hata kama rubani yuko tayari na abiria wamekwisha kukaa vitini. Mwenye kutia sahihi ndiye mwenye kubeba dhamana. Ndiyo sababu serikali haziachi kila mwenye spana ajiite fundi wa ndege.

Huko Ulaya sheria za leseni hii ni za namna moja. Zinasimamiwa na Wakala wa Usalama wa Anga wa Umoja wa Ulaya, ambao kwa herufi huitwa EASA, na makao yake makuu yako katika mji wa Cologne, nchi ya Ujerumani. Nchi zinazofuata sheria hizo ni 31, yaani nchi 27 za Umoja wa Ulaya pamoja na Iceland, Norwei, Uswisi na Liechtenstein. Sheria inayohusu leseni za mafundi huitwa Sehemu ya 66, na ile inayohusu shule za kuwafundisha huitwa Sehemu ya 147. Leseni yenyewe hutolewa na mamlaka ya anga ya nchi mojawapo kati ya hizo. Ikishatolewa na nchi moja, hukubaliwa katika nchi zote 31. Fundi aliyepewa leseni Ureno aweza kuitumia Ugiriki, wala haimpasi kufanya mtihani mwingine kwa Kigiriki.

Leseni zina madaraja. Daraja A ni la fundi wa kazi ndogo ndogo zinazofanywa uwanjani kati ya safari na safari. Daraja B1 ni la fundi wa mwili wa ndege, injini na mitambo. Daraja B2 ni la fundi wa umeme na vyombo vya elektroniki. Daraja C ni la mkubwa wa kazi, ambaye hutia sahihi ndege inapotoka katika matengenezo makubwa ya karakana. Tena yako madaraja mengine kwa ajili ya ndege ndogo.

Mwombaji lazima awe ametimiza miaka 18, kwa hiyo sisi wengi wa kidato cha nne bado tungengojea kidogo. Lazima pia awe amefanya kazi kwa mikono yake katika ndege zinazoruka. Kwa leseni ya B1 ya ndege za injini za jeti, au kwa leseni ya B2, muda huo ni miaka 5 kwa mtu asiyekuwa na mafunzo ya ufundi ya kabla. Kwa mtu aliyekwisha kuwa fundi stadi wa kazi inayokubaliwa ni miaka 3, na kwa aliyemaliza kozi nzima katika shule yenye kibali ni miaka 2. Hapo tu ndipo mitihani aliyoshinda inapomfaa.

MTIHANI ULIVYO

Mitihani imegawanywa kwa masomo. Yako masomo ya hesabu, fizikia, umeme, elektroniki, vifaa na madini yatumiwayo katika ndege, kazi za mikono za matengenezo, mwendo wa hewa juu ya mbawa, udhaifu wa binadamu kazini, sheria za anga, injini, rafadha, na mengineyo. Kila daraja lina orodha yake. Kila somo hutahiniwa peke yake, na mtu aweza kuyafanya kidogo kidogo, ili mradi yote yawe yameshindwa ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba leseni. Ninaposema "yameshindwa" nina maana ya kufaulu, kama wazee wetu walivyosema "kushinda mtihani".

Maswali karibu yote ni ya kuchagua. Kila swali lina majibu matatu, na moja tu ndilo sahihi. Kwa wastani mtahiniwa hupewa sekunde 75 kwa kila swali. Mathalani, mtihani wa hesabu wa daraja B1 una maswali 32 kwa dakika 40. Alama ya kushinda ni 75 kwa mia, maana yake lazima apate maswali 24. Akipata 23 ameanguka. Jibu lililokosewa halipunguzi alama za majibu mengine.

Msomaji atasema, "Kumbe ni rahisi! Mwenye bahati aweza kubahatisha." Lakini sheria imefikiri jambo hilo. Imeagiza kwamba majibu ya uongo yaonekane kuwa ya kweli kwa mtu asiyelijua somo, na kwamba majibu yote matatu yafanane kwa maneno, kwa sarufi na kwa urefu. Katika maswali ya hesabu, majibu ya uongo hayawi tarakimu za ovyo ovyo, bali hutokana na makosa ambayo watu huyafanya kweli. Hebu tuchukue mfano nilioutunga mwenyewe:

Inchi 1 ni sawa na milimita 25.4. Boliti yenye kipenyo cha inchi 0.5 ina kipenyo cha milimita ngapi?
(a) 50.8
(b) 12.7
(c) 1.27

Jibu sahihi ni (b). Lakini aliyegawanya mahali pa kuzidisha atapata 50.8, naye ataliona jibu lake likimngoja pale pale katika (a). Aliyekosea nukta atapata 1.27, naye atafurahi kuliona katika (c). Basi mtego huu ni wa haki, maana humkamata asiyejua na kumwacha ajuaye.

Sasa tufikiri juu ya lugha. Katika sekunde 75 mtahiniwa lazima asome swali, asome majibu matatu yanayofanana, afikiri, kisha achague. Mtu anayetahiniwa kwa lugha yake hutumia sekunde chache kusoma na nyingi kufikiri. Mtu anayetahiniwa kwa lugha ngeni huenda akatumia nusu ya wakati wake kutafsiri kichwani. Tena maneno yanayomwangusha si yale makubwa ya ufundi, kwa kuwa hayo amekwisha kuyakariri. Yanayomwangusha ni yale madogo: "isipokuwa", "kabla ya", "angalau", "siyo". Kila mwanafunzi wa shule hii aliyewahi kuulizwa swali la fizikia lenye neno "siyo" katikati ajua ninachosema.

Yako pia maswali ya insha, kama katika somo la kazi za matengenezo. Shabaha ya insha si kuona ufasaha wa mtu, bali kuona kama aweza kuandika taarifa fupi iliyo wazi, ya namna ile atakayoiandika kila siku katika daftari la ndege. Hapa mtu hawezi kuchagua kati ya (a), (b) na (c). Lazima maneno yatoke kwake.

LUGHA YA MTIHANI

Jambo litakalowashangaza wengi ni hili: sheria ya Sehemu ya 66 haisemi kwamba mtihani lazima uwe kwa Kiingereza. Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24. Kwa kawaida mamlaka ya nchi ikitahini yenyewe hutumia lugha ya nchi, ijapokuwa nyingine hutoa nafasi ya Kiingereza pia. Nazo shule zenye kibali hufuata wateja wao: ziko zinazotahini kwa lugha ya nchi, ziko zinazotahini kwa Kiingereza tu, na ziko zinazompa mtahiniwa nafasi ya kuchagua. Katika Ireland na Malta Kiingereza ni lugha rasmi mojawapo, basi huko hakuna tatizo kwa mwenye kukitaka.

Je, Mhispania aliyefanya mitihani yote kwa Kihispania amemaliza kazi? Hapana. Sheria hiyo hiyo ina sharti lingine ambalo watahiniwa wengi hawalisomi mpaka wamechelewa. Inasema kwamba mwenye leseni haruhusiwi kuitumia kazini ila awe aweza kusoma, kuandika na kuwasiliana, kwa kiasi cha kueleweka, katika lugha iliyoandikiwa vitabu na taratibu za kazi ile anayoitilia sahihi. Angalia vizuri jinsi sharti hili lilivyotungwa. Halitaji Kiingereza, wala Kifaransa, wala Kijerumani. Linataja lugha ya kitabu. Mtihani waweza kuwa kwa lugha uipendayo, lakini kitabu cha ndege hakikuulizi wapenda lugha gani.

Na vitabu vya ndege kubwa huandikwa kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, karibu vyote. Chukua ndege za Airbus. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1970 kwa ushirika wa Wafaransa na Wajerumani. Ndege zake huunganishwa Toulouse katika Ufaransa na Hamburg katika Ujerumani, na mbawa nyingi hutengenezwa Broughton katika Wales. Juu ya hayo yote, vitabu vya matengenezo vinavyokwenda kwa mafundi duniani ni vya Kiingereza. Hata fundi Mfaransa anayeishi Toulouse, karibu na kiwanda chenyewe, husoma kitabu cha ndege iliyounganishwa mjini kwake kwa lugha ambayo si yake. Basi husumbuka kama sisi.

Mashirika ya ndege ya Ulaya yaliona taabu hii zamani. Katika miaka ya mwisho ya 1970 yaliomba viwanda vitafute njia ya kuandika vitabu kwa Kiingereza chepesi zaidi, kwa sababu mafundi wengi hawakuzaliwa na lugha hiyo. Katika miaka ya 1980 zikatolewa kanuni za kwanza. Zimerekebishwa mara nyingi, na tangu mwaka 2005 hujulikana kwa jina la ASD-STE100. Kanuni hizo ni kali. Sentensi ya kumwagiza fundi kazi isizidi maneno 20, na sentensi ya maelezo isizidi maneno 25. Kila neno lililokubaliwa lina maana moja tu. Kwa Kiingereza cha kawaida "follow" ni kuja nyuma ya kitu, na pia ni kutii agizo. Katika kanuni hizi ni kuja nyuma tu. Neno "fall" ni kuanguka chini kwa uzito, wala si kupungua.

Ili kuona faida yake, fikiri juu ya neno letu "paa". Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, paa ni mnyama wa porini, kupaa ni kwenda juu angani, na tena kupaa ni kuondoa magamba ya samaki. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili hatupotei, maana twajua kwa mazungumzo. Lakini mgeni aliyejifunza neno hilo juzi atafanyaje, usiku wa manane, chini ya bawa la ndege, na ndege inatakiwa kuondoka alfajiri? Kumpunguzia maana ni kumpunguzia hatari.

Yafaa pia tusichanganye habari za fundi na za rubani. Rubani wa safari za nje ya nchi anayetumia Kiingereza katika redio lazima apimwe jinsi anavyokisema na kukisikia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka ngazi 6, na rubani lazima afike walau ngazi ya 4. Kanuni hiyo ilianza kushika mwaka 2008. Fundi hana mtihani wa lugha wa namna hiyo. Yeye huachiwa sharti lile la kusoma, kuandika na kuwasiliana, na mwajiri wake ndiye humwangalia kazini. Kwa hiyo yawezekana fundi akashinda mitihani yote kwa lugha yake, akapata leseni, kisha siku ya kwanza ya kazi akakwama mbele ya ukurasa wa kwanza.

KIPI KILICHO BORA?

Watu wa pande zote mbili wana hoja nzuri.

Wenye kutetea lugha ya mama husema kwamba mtihani ni wa kupima ufundi. Mtu anayeijua sheria ya Ohm anaijua, awe aisema kwa Kigiriki au kwa Kiingereza. Ukimwangusha kwa sababu ya lugha, umemnyima kazi fundi hodari, na umemchukua mwingine aliyekariri maneno bila ya kuelewa. Husema pia kwamba yale yaliyoeleweka kwa lugha ya mama hukaa kichwani muda mrefu.

Wenye kutetea Kiingereza hujibu kwamba mtihani ni mazoezi ya kazi. Kama vitabu ni vya Kiingereza, yafaa mtu azoee majina ya vitu kwa Kiingereza tangu mwanzo, asije akajifunza kila kitu mara mbili. Tena, leseni ya msingi sio mwisho. Ndege kubwa kila aina ina kozi yake, na fundi haruhusiwi kuitilia sahihi mpaka aina hiyo imeandikwa katika leseni yake. Kozi hizo nyingi hufundishwa kwa Kiingereza.

Kwa maoni yangu iko njia ya kati. Kwa kuwa kila somo hutahiniwa peke yake, masomo ya asili ya mambo, kama hesabu na fizikia, yaweza kufanywa kwa lugha ambayo mtu afikiri nayo vizuri zaidi. Bali masomo yanayogusa ndege yenyewe, kama matengenezo, injini na mitambo, yafaa yafanywe kwa lugha ya kitabu. Lakini kabla ya kuchanganya hivyo, mtahiniwa aulize mamlaka atakayoiomba leseni kama vyeti vyake vyote vitapokewa.

Walakini tusidhani kwamba kujua lugha ndiko kujua yote. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilipofika juu futi 17,300 hivi, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka, na rubani akavutwa nje nusu ya mwili. Wahudumu wakamshika miguu, na rubani msaidizi akaiteremsha ndege Southampton. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Wachunguzi wakaona kwamba kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa, kwa inchi 0.026 tu, maana yake chini ya milimita moja. Nyingine 6 zilikuwa za unene uliotakiwa lakini fupi mno. Aliyezifunga alikuwa mtu wa kazi wa siku nyingi, katika nchi ambayo Kiingereza ndicho lugha ya nyumbani. Hakukosa lugha. Alichofanya ni kulinganisha boliti kwa macho badala ya kutafuta namba yake katika kitabu cha vipuri. Basi kuna mambo mawili: kuweza kusoma kitabu, na kukisoma kweli. La kwanza ni la shule, la pili ni la tabia.

MAHALI PA MTIHANI

Sasa tuje kwenye mahali. Mtahiniwa ana milango miwili. Mlango wa kwanza ni mamlaka ya anga ya nchi, ikiwa mamlaka hiyo hutahini. Mlango wa pili ni shule yenye kibali cha Sehemu ya 147. Shule hutahini wanafunzi wake, na nyingine hupokea pia watu wa nje waliojisomea wenyewe. Kwa desturi shule hutahini mahali palipoandikwa katika kibali chake. Lakini sheria yaipa nafasi ya kutahini mahali pengine kama ina utaratibu uliokubaliwa na mamlaka. Hivyo yawezekana watahini wakaenda walipo mafundi, mathalani katika karakana ya shirika la ndege, badala ya mafundi thelathini kuacha kazi na kusafiri. Ziko hata shule za nje ya Ulaya zilizopewa kibali na EASA yenyewe.

Katika kuchagua mahali, watu wengi hutazama ada ya mtihani peke yake. Hilo ni kosa. Lazima mtu ahesabu nauli, chakula, malazi, siku za kazi atakazopoteza, na kama ni mgeni, gharama za viza. Mtihani wa bei nafuu ulio mbali huenda ukawa ghali kuliko wa bei kubwa ulio karibu. Tena ahesabu uwezekano wa kuanguka na kurudi mara ya pili.

Na kurudi huko kuna sheria zake. Aliyeanguka katika somo lazima angoje siku 90 kabla ya kulirudia. Akifundishwa upya katika shule yenye kibali yale aliyoyakosa, aweza kurudia baada ya siku 30. Akianguka mara 3 mfululizo hungoja mwaka mzima. Wako wanaodhani kwamba wataikwepa sheria hii kwa kwenda nchi nyingine ambako hawajulikani. Lakini mwombaji hutakiwa aseme kwa maandishi amejaribu mtihani huo mara ngapi katika mwaka uliopita, siku zipi, na mahali gani. Anayekamatwa akiiba majibu katika mtihani wa shule hizo hufukuzwa, na haruhusiwi kufanya mtihani mwingine kwa muda usiopungua miezi 12.

Iko hatari moja zaidi kwa wenye kutafuta mtihani wa Kiingereza. Zamani watu wengi walikwenda Uingereza, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa ndani ya utaratibu wa EASA. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 Uingereza imetoka, nayo ina leseni yake yenyewe. Jina la Sehemu ya 66 limebaki kule pia, na masomo yanafanana sana, kwa hiyo ni rahisi mtu kudanganyika. Mtihani wa Uingereza wa leo ni wa kumpatia mtu leseni ya Uingereza. Anayetaka kufanya kazi Ufaransa au Italia lazima atazame kwanza kibali cha shule kimetolewa na nani.

YANAYOTUHUSU SISI

Tanzania haimo katika nchi zile 31. Leseni za mafundi wetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kwa sheria zetu wenyewe, na mafunzo yanapatikana hapa hapa nchini, katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Dar es Salaam. Majirani zetu wa Kenya wana chuo chao cha anga Embakasi, Nairobi. Kwa hiyo asije mzazi akauza shamba ili ampeleke mtoto Ulaya kutafuta leseni, kabla ya kuuliza kwanza yaliyopo nyumbani.

Lakini habari za Ulaya zina mafunzo kwetu. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari twasoma kwa Kiingereza. Kijana wa Ureno au wa Ugiriki aliyesoma mpaka mwisho kwa lugha yake hukutana na Kiingereza kazini, katika kitabu cha ndege. Sisi tumekutana nacho mapema zaidi, nayo ni taabu, lakini pia ni akiba. Jambo la kuogopa ni kukariri Kiingereza bila ya kuelewa fizikia iliyo ndani yake. Mtu wa namna hiyo atashinda mtihani wa lugha ipi? Hata moja.

Basi kwa mwenzangu anayetamani kazi hii, nina mashauri matatu. La kwanza, kila somo la sayansi lieleze kwa Kiswahili kwa mwenzako mpaka akuelewe, kisha liandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, zisizozidi maneno 20. La pili, zoea kusoma swali zima mpaka nukta ya mwisho, na maneno madogo uyapige mstari. La tatu, unapotafuta shule au mtihani popote duniani, uliza mambo manne kwa maandishi: kibali kimetolewa na nani, lugha ni ipi, mahali ni wapi, na cheti kitapokewa na nani. Asiyejibu moja kati ya hayo, usimpe fedha za baba yako.

Nanyi wazazi na waalimu, mnapomwona mtoto anafungua redio mbovu na kuifunga tena, msimkaripie upesi. Mwulizeni kwanza kama amesoma kitabu chake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne